Meno Hamsini na Saba: Kisa cha Bledi ya Msumeno wa Meza, Keko

Msumari uliosababisha yote haya ninao mpaka leo, kwenye kopo la skrubu. Kipande chenyewe hakifiki pingili ya kidole. Kichwa hakipo, ncha haipo, kimebaki kiwiliwili chenye kutu upande mmoja, na upande wa pili kinang'aa kama sarafu mpya, pale bledi ilipokipitia.

Karakana yetu iko Keko, huku ambako nusu ya sofa na vitanda vya Dar es Salaam huzaliwa. Mashine tunayoizungumzia ni ya kuundiwa hapahapa mjini: fremu ya vyuma vya pembe, meza ya bamba nene, mota chini, mkanda, pulei mbili, na shafti inayobeba bledi ya inchi 12. Wiki hiyo tulikuwa na oda ya milango sita ya mninga kwa nyumba inayojengwa Kigamboni. Mteja alileta mbao zake mwenyewe, alizozinunua kwenye nyumba ya zamani ya Kariakoo iliyovunjwa kupisha ghorofa. Mbao nzuri sana zile. Mninga uliokaa juu ya paa miaka yote hiyo umeshakauka na kumaliza kupinda, hauna tena cha kukushtua. Isipokuwa misumari.

Kijana aliyekuwa anapasua si mgeni wa kazi. Alisoma useremala chuo cha ufundi cha VETA, Chang'ombe, na ana mkono mtulivu kuliko wangu. Misumari iliyoonekana aliing'oa yote asubuhi. Kwenye saa nne hivi, akiwa mbao ya tatu, akasikia "tak!" na kuona cheche moja chini ya meza. Akazima, akairudisha mbao nyuma, akaiangalia bledi kwa juu. Aliiona imenyooka, akawasha tena. Akapasua mbao nyingine kumi na moja.

Mimi nilikuwa Gerezani kutafuta bawaba na vitasa. Niliporudi, karibu na adhuhuri, karakana ilikuwa kimya kwa sababu umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nikamkuta kijana ameinama juu ya mashine, bamba dogo la katikati ya meza ameshalitoa, mkono wa kushoto umeshika bledi kwenye meno, wa kulia una spana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Naitoa bledi niiangalie, mzee, tangu asubuhi inanukisha mbao. Nimeona umeme umekata nitumie nafasi."

Nikatazama ukutani. Swichi ya mashine ilikuwa imewashwa. Umeme ulipokatika bledi ilisimama yenyewe, na yeye, kama ambavyo wengi wetu tungefanya, hakukumbuka kuigusa swichi kwa sababu mashine ilishanyamaza. Nikamwambia atoe mkono kwanza, maelezo baadaye. Nikazima swichi, nikachomoa plagi, nikaiweka juu ya meza mbele ya macho yake. Baada ya dakika ishirini hivi, tukiwa kwenye chai, redio ya duka la jirani ikaanza kuimba yenyewe katikati ya wimbo na feni yetu ikaanza kuzunguka. Kijana aliiangalia ile feni muda mrefu, chai yake ikapoa.

Nimeanza na hilo kwa makusudi, maana watu wakisimuliwa kisa cha bledi mbovu husubiri kusikia habari ya bledi ikizunguka. Kwetu hapa, ambako mashine nyingi zina swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima isiyojizima umeme unapokatika, bledi iliyosimama ina hatari yake. Swichi ya sumaku, ile ambayo umeme ukirudi inabaki imezimwa mpaka mtu abonyeze tena, inapatikana madukani na si ghali ukilinganisha na mota. Tulifunga moja mwezi uleule. Hata nayo ikiwepo, plagi inachomolewa na kuwekwa mahali ambapo mwenye spana anaiona. Kuambiwa tu kwamba nimeshachomoa hakutoshi.

Sasa bledi yenyewe. Nati ya bledi hulegea kwa kuizungusha kuelekea upande ambao meno yanakimbilia, yaani uelekeo uleule wa bledi. Imefanywa hivyo kwa sababu: mota inapoanza kwa nguvu, nati huwa na tabia ya kubaki nyuma, na kubaki nyuma huko ndiko kunaikaza. Hii ndiyo sababu mashine ya umeme wa njia tatu ikifungwa na fundi akachanganya nyaya mbili, ikazunguka kinyume, nati nayo inaanza kujifungua kidogo kidogo kila unapowasha. Tulishawahi kuyaona hayo, ila si siku hiyo. Siku hiyo nati ilitoka vizuri. Tukavaa glavu nene, ambazo mashine ikizunguka ni mwiko na mashine ikiwa imechomolewa ni lazima, tukaitoa bledi na kuilaza juu ya gunia.

Ilikuwa bledi ya meno 60 ya kabaidi. Meno ya namna hii si sehemu ya sahani. Ni vipande vidogo vya kabaidi ya tangisteni vilivyolehemiwa mmoja mmoja kwenye sahani ya chuma. Kabaidi ni ngumu ajabu, inakula mninga mkavu kama mkate, ila ugumu wake ni ugumu wa sahani ya udongo: haipindi, inapasuka. Meno mawili yanayofuatana hayakuwepo kabisa, vimebaki vikalio vyake vitupu. La tatu, lile linalofuata baada ya pengo, lilikuwa limevunjika nusu.

Bosi alipofika akaiinua, akaizungusha juani, akasema, "Hamsini na saba yamebaki. Unataka mangapi?"

Simlaumu. Kwa mtu anayelipa kodi ya fremu na posho za vijana, hesabu hiyo ina mantiki: umepoteza asilimia tano, endelea na tisini na tano. Nilimwomba anipe nusu saa, tukazipanga zile mbao kumi na nne chini kwa mfuatano wa kupasuliwa, ya kwanza mpaka ya mwisho. Hapo ndipo kisa kilipojieleza chenyewe. Mbao mbili za kwanza zina uso laini. Ya tatu ina kovu la msumari. Kuanzia ya nne, usoni kuna mikwaruzo ya nusu mwezi inayojirudia kwa umbali sawa, ila myepesi, unaihisi kwa ukucha zaidi ya kuiona. Kwenye ya tisa mikwaruzo ikawa mirefu ghafla na kando yake kukawa na weusi wa kuungua. Kutoka hapo mpaka ya kumi na nne harufu ya kuungua ilikuwa bado imo kwenye mbao.

Maana yake ni hii. Msumari ulichukua meno mawili tu. Jino la tatu liliuawa na sisi. Kila jino kwenye bledi limepimiwa tonge lake. Ukimwondoa mmoja, anayemfuata anakula matonge mawili, na ukiondoa wawili wanaofuatana, yule wa nyuma anameza matatu kwa mpigo. Shafti yetu huzunguka karibu mara 3,500 kwa dakika. Kwa bledi ya meno 60, hiyo ni meno 3,500 yanayopita kila sekunde, na jino lile lilikuwa linapigwa na tonge la watatu mara 58 kila sekunde. Lilivumilia mbao tano, kwenye ya sita likasalimu amri. Tungeendelea jioni ile, zamu ingefika kwa jino lililo nyuma yake, kisha la nyuma ya hilo.

Meno yaliyong'oka yalikwenda wapi? Mzunguko wa sahani ya inchi 12, yaani milimita 305, ni kama sentimita 96, hivyo kwa mwendo ule jino linasafiri zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Treni ya SGR ya kwenda Dodoma ikichanganya sana ni 160. Na meno ya msumeno wa meza, yakifika juu ya meza, yanakimbia kumwelekea msukuma mbao, si kumkimbia. Mashine yetu, ninaandika hili bila kujisifu, ilikuwa haina kava la juu tangu mwaka uliopita kwa sababu "linazuia kuona mstari". Tulifunga sumaku ya spika mbovu ndani ya mfuko wa nailoni tukaipitisha kwenye rundo la vumbi la mbao chini ya meza. Kabaidi hushikwa na sumaku kwa unyonge, kwa sababu ya kobalti inayoigandisha, lakini hushikwa. Tukapata jino moja zima na vipande viwili. Jino jingine lilikuwa limejichimbia kwenye ile mbao ya tatu, ndani ya kovu. Nafurahi tulilitafuta, maana mbao ile ingekwenda moja kwa moja kwenye randa, na visu vya randa vingemaliza hadithi kwa gharama nyingine.

Mpaka hapo bado tulikuwa na bledi iliyokosa meno matatu, na bledi iliyokosa meno inaweza kutengenezwa. Wapo mafundi wa kunoa wanaolehemu meno mapya kwa lehemu ya madini ya fedha na kuyasaga yalingane na wenzake. Kazi hiyo huwa na faida kwa bledi ya bei, na fundi awe na mashine, si mkono na jiwe. Babu, fundi wetu mkongwe, alitaka tuipeleke. Kijana alitaka tuiweke akiba ya kupasulia paini za kreti na mbao za kuzuia zege, kazi ambazo hazihitaji uso mzuri. Mimi nilitaka kwanza nijue kama sahani ni nzima, kwa sababu msumari haupigi jino peke yake. Pigo linapita kwenye jino, linaingia kwenye kikalio chake, linaishia chini kwenye bonde lililo kati ya jino na jino, na hapo ndipo chuma kinapochanika.

Tuliilowesha bledi kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, tukaisugua kwa mswaki mpaka ulimbo wote ukatoka. Kabla ya hapo hakuna cha kuangalia, uchafu unaficha kila kitu. Kisha tukafanya jambo ambalo mafundi wa reli walikuwa wakilifanya kabla hazijaja dawa za rangi za kutafutia nyufa. Unapaka mafuta ya taa pale unapopashuku, unasubiri robo saa yaingie, unafuta mpaka chuma kikauke kabisa, halafu unapaka unga wa chaki. Chaki nyeupe tuliyotumia ni ileile ya kupigia mistari. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi juu na kuilowesha chaki.

Dakika chache tu, mistari ikaanza kutokea. Kijana akapiga kelele kwamba bledi yote imepasuka, maana aliona mistari minne. Hapa watu wengi huchanganya. Bledi nyingi za kisasa zina mikato myembamba iliyokatwa kiwandani kutoka ukingoni kuelekea ndani, ili sahani ikipata moto ipate pa kutanukia isijikunje. Mikato hiyo huja kwa idadi na kwa nafasi sawa, na kila mmoja huishia kwenye tundu dogo la duara. Minne ile ilikuwa ndiyo hiyo. Mstari wa tano ulitokea wa mwisho, mwembamba kama unywele, umeanzia chini ya bonde la jino la pili lililong'oka na kuteremka kwa mshazari milimita tisa. Haukuwa na tundu mwishoni wala pacha popote kwenye sahani. Nikaupiga picha kwa simu na kuukuza, kijana akauona, Babu akavaa miwani akauona. Bosi hakuuona mpaka tulipopaka chaki mara ya pili.

Nilisahau kusema: kabla ya hapo Babu alikuwa ameining'iniza bledi kwenye mpini wa bisibisi na kuigonga kwa kijiti, ikalia vizuri, mlio mrefu kama wa kengele. Kipimo hicho kizuri kikikataa. Kikikubali, kama kilivyokubali siku ile kwenye sahani yenye ufa, hakijakuambia kitu.

Babu akatoa hoja ya mwisho, na hoja yake si ya kijinga. Ujanani alifanya kazi kwenye kinu cha mbao nyanda za juu kusini, huko inakotoka paini yetu. Kule fundi wa misumeno akikuta ufa kwenye msumeno mpana wa mkanda, anatoboa au kupiga alama mwisho wa ufa ili usiendelee, na msumeno unarudi kazini. Ni kweli, hufanyika. Lakini kule kuna mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni misumeno tu, anapima mkazo wa sahani, anaigonga kwa nyundo maalumu kuurudisha, na anaukagua msumeno tena kila unapotolewa mashineni. Sahani yetu ina unene wa milimita mbili na kidogo, na mkaguzi wake ni mimi, ninayekwenda Gerezani kutafuta bawaba. Kuuchomelea ufa kwa umeme ni mbaya zaidi: joto la eneo dogo linaua mkazo uliowekwa kiwandani, sahani inaanza kuyumba, na pembeni ya mchomeleo chuma kinakuwa kigumu chepesi kuvunjika. Ufa wa milimita tisa unavutwa na kuachiwa katika kila mzunguko, mara 3,500 kwa dakika. Hauna pengine pa kwenda isipokuwa mbele.

Kwa hiyo bledi ilikufa. Bosi alikubali kwa shingo upande akatoa pesa ya nyingine. Kabla ya kufunga mpya tuliangalia mashine, kwa sababu pigo lile lilipita pia kwenye shafti. Beringi zilikuwa salama. Kati ya bledi na sahani za kubania tulikuta gamba la ulimbo na vumbi lililokauka kama gundi, jambo linalotosha kuifanya bledi iyumbe hata bila msumari. Na tundu la bledi ni milimita 30 wakati shafti yetu ni ya 25. Pengo lilikuwa limezibwa na mkanda wa bati la kopo. Nani aliuweka, kila mtu alimtaja mwenzake. Tulichongesha bushi, yaani pete ya chuma ya kuziba pengo hilo, kwa fundi wa leti siku hiyohiyo. Bledi mpya tuliizungusha kwanza kwa mkono, kijiti kikiwa kimefungwa kando yake kuonyesha kama inayumba, kisha tukaiwasha bila mbao dakika mbili, watu wote wakiwa pembeni, hakuna aliyesimama mbele wala nyuma yake. Kava la juu lilitolewa stoo likafutwa buibui. Kijana analalamika mpaka leo kwamba linazuia mstari. Siku moja nimemkuta amechora mstari mwingine kwenye kava ili aone. Sawa, hiyo nimeikubali.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwenye kazi mashine yake iwe na kinga, na haiulizi kama karakana ni ya watu watano au mia tano. Bosi nilimtajia hilo mara moja tu, wakati anatoa pesa.

Mbao za kuvunja bado tunazipokea, ila hazifiki mezani kabla hazijapitiwa na kile kifimbo cha kutafutia chuma wanachotumia walinzi kwenye milango ya majengo makubwa. Na jicho nalo limejifunza: msumari uliovunjikia ndani, kama mbao iliwahi kulowana, huacha doa jeusi la samawati linalofuata nyuzi za mbao. Mbao ya tatu ilikuwa na doa hilo. Tulidhani ni rangi yake.

Kilichobaki ni kosa langu. Jioni ile niliitundika bledi iliyokufa ukutani, juu ya benchi, nikaandika kwa chaki MBOVU. Asubuhi jirani wa karakana ya pili alikuja kuiazima. Chaki ilikuwa imeshafutika, au ilifutwa, na alichokiona yeye ni bledi safi iliyosuguliwa kwa mswaki, yenye upungufu mdogo wa meno. Alikuwa ameshaishika mkononi. "Naipasulia tu vibao viwili, kaka, naileta."

Tuliibana kwenye jiliwa, tukavaa miwani, tukaikata kwa grainda kutoka tundu la katikati kwenda nje, tukiyakwepa meno kwa sababu vumbi la kabaidi halifai kifuani. Vipande vinne. Mchana akapita kijana wa chuma chakavu na mzani wake; vikapima kilo moja na ushee. Alivigeuzageuza akatikisa kichwa. Akauliza kwa nini tumeikata, nzima angetupa bei nzuri zaidi.